Kilo Tisini Nyuma ya Viti

Bulyaga, Tukuyu
9 Aprili 1995

Kwako dada yangu mpendwa Kuruthumu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, shemeji na mwanetu Sabrina, na kwamba maandalizi ya harusi yanakwenda vizuri. Sisi huku mwili hatuumwi, ila mimi mdogo wako sina raha. Kila nikisikia mngurumo barabarani, moyo unanipasuka. Mke wangu anadhani ni malaria.

Najua ulinisubiri huko Dar es Salaam Jumatatu iliyopita na sikutokea. Nakueleza kisa chote, maana kuna mzee wa watu, Mzee Ambwene, mpakiaji wetu wa mizigo, yuko mahabusu siku ya sita kwa ajili ya safari ile, na wanasema atafungwa.

Kama ujuavyo, tangu shamba la chai linunuliwe na watu binafsi, wanakodi ndege ndogo, na mimi ndiye mpima mizigo kwenye kiwanja chetu cha nyasi. Natumia mizani ya majani ya chai. Napima magunia, napima na abiria wenyewe. Hata meneja Simon hupanda akinung'unika. Na huku, wajua mwenyewe, mgeni haachwi aondoke mikono mitupu. Watu huleta mikungu ya ndizi mpaka mlangoni mwa ndege, nami huwarudisha nayo. Wameshanipachika jina la Roho Mbaya. Hata Mzee Ambwene nimemgombeza mara mbili kwa kuwaonea haya watu wa Ikuti na kupokea ndizi zao.

Ukali huo nilifundishwa na rubani wetu, Kapteni Ezron. Alinieleza kwamba injini yetu ina nguvu za farasi mia tatu, lakini huku milimani hewa ni nyepesi, wanabaki kama mia mbili na hamsini tu. Propela inageuza nguvu hizo kuwa msukumo, na hewa nayo inakinza, inaivuta ndege nyuma. Ndege ikiwa nzito, mabawa hufanya kazi zaidi na ukinzani unaongezeka. Nguvu inayobaki baada ya ukinzani kuchukua chake ndiyo inayotupandisha, na kwetu hubaki kidogo sana.

Jumatatu hiyo tulikuwa Ezron, mimi, na muuguzi Lightness aliyekuwa akienda likizo kwao Musoma, na mwanawe mchanga mapajani. Nyasi zilikuwa zimelowa, zikashika magurudumu. Tulipita alama ya nusu ya kiwanja bado tunajikokota. Ezron akaing'oa ndege mwisho kabisa, na mbele yetu mikaratusi imesimama. Mimi nilitaka avute usukani twende juu. Yeye akashusha pua, tukaielekea miti. Dada, nilijikojolea, sikufichi. Baadaye alisema kwamba angeinua pua kwa pupa, ukinzani ungekula nguvu yote iliyobaki, mwendo ungekufa na tungeanguka. Alihitaji mwendo kwanza. Wakati ule hakueleza kitu, aliniuliza tu bila kunitazama.

"Yussuph, uzito ulioandika ni wa kweli?"

"Ni wa kweli, Kapteni."

Matawi yakagonga magurudumu. Lightness akamlalia mwanawe. Kisha chini ya ndege ardhi ikaporomoka kuelekea Kyela, tukapata nafasi ya kuongeza mwendo, na taratibu ndege ikaanza kupanda. Tukaenda kutua Mbeya.

Mafundi waliipekua injini, hawakuona kasoro. Wakafungua nyuma ya viti, wakakuta chini ya turubai mikungu miwili na gunia la mchele, kilo tisini jumla, na havimo kwenye karatasi yangu. Tuliporudi kiwanjani kwetu, Simon alipouliza nani kapakia, watu wakasema ni Ambwene, si ndiye anayepokeaga ndizi za watu? Nikainamisha kichwa, polisi wakamchukua.

Dada, ulikuwa mzigo wako. Ni mchele na ndizi ulizoniagiza za harusi. Niliupakia mwenyewe alfajiri, Ambwene hajafika. Niliona haya kuja kwako mikono mitupu, nikajiambia kilo tisini ni mtu mmoja tu, ndege itashtuka nini? Kikaratasi chenye jina lako nilikichomoa pale Mbeya nikisaidia kushusha gunia, nikakitafuna.

Jana Bupe, mke wa Ambwene, alikuja kunishukuru kwa kumpelekea mumewe chakula. Ndaga fijo, akasema, akanishika mikono yote miwili.

Naogopa jela. Naogopa Ezron ajue kwamba nilimdanganya tukiwa angani, na mtoto yule nyuma yetu. Mara tatu nimefika mlango wa polisi nikarudi. Mara moja nilijifanya nimepotea njia, mimi mzaliwa wa hapa hapa! Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza. Ukiipata barua hii, hesabu siku saba. Kama hujapata telegramu kwamba Mzee Ambwene ametoka, usinionee huruma eti tumenyonya ziwa moja. Ichukue uipeleke polisi. Mwandiko wangu unaujua, waambie ni wangu.

Msalimie sana shemeji, na Sabrina mwambie mjomba wake anamwombea ndoa yenye heri. Mama bado hajui lolote.

Wasalaam,
mdogo wako anayekuogopa na kukutegemea,
Yussuph