Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Jumanne, 25 Septemba

Nimebandua udongo wote wa chumba cha kulala, upande wa kitanda. Fito tatu zimeliwa na mchwa, nimefunga mpya. Asubuhi zamu ya bohari pale stesheni, mchana ukuta, jioni ugali uliopoa. Siku ya nane leo.

Ukuta huu ndio uliolowa mwaka jana. Mama mkwe hasemi nami uso kwa uso, ndivyo ilivyo desturi, kwa hiyo alimtuma shemeji Petro kutoka Usoke. Mke wangu Felista amejifungua salama huko kwao, mtoto wa kike. Lakini harudi kwenye nyumba inayovuja. Arobaini ikitimia Petro atamleta, ataikagua nyumba mwenyewe, na asiporidhika atarudi nao. Petro alisema kwa adabu, macho chini. Nilitamani kumpiga. Halafu nikakubali moyoni kwamba wana haki.

Jumatano, 26 Septemba

Udongo mzuri ni wa kichuguu, na kichuguu kiko ng'ambo ya reli. Madebe manne leo. Mabega hayafai kitu.

Kukandika ni kazi ya wanawake. Wa mtaa huu wamekuja kunitazama. Mmoja akauliza, "Baba, hicho ni ukuta au kidonda?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka, shingo upande. Ningemwomba jirani yangu Mama Kabula, ambaye mikono yake ni myepesi kwa kazi hii, lakini yuko Igalula anamuuguza dada yake. Fundi sitaki. Wa mwaka jana ndiye aliyeniachia ukuta ukalowa.

Jumapili, 30 Septemba

Misa. Baada ya misa sikwenda kichuguuni, nimechoka kubeba. Nyuma ya nyumba, chini ya upenu, nimegundua udongo mwekundu, laini, hauna hata kokoto. Jembe linazama lenyewe. Nimejicheka kwa madebe yote niliyobeba bure.

Nilipofika kina cha goti nikatoa kigae kipana cha chungu. Si ajabu. Hapa ukichimba popote hukosi vigae, au shanga za wapagazi wa zamani, maana misafara ilipiga kambi mtaa mzima huu na babu yangu alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Kigae kimejipinda vizuri. Nimekiosha, nikalainishia ukuta. Umetoka safi kuliko nilivyotarajia. Nimefurahi sana leo.

Alhamisi, 4 Oktoba

Ukuta umekauka isipokuwa sehemu moja, usawa wa kichwa cha kitanda. Upana wake kama mkeka wa mtoto. Jua kali, upepo mkavu, na pale pabichi. Nimegusa. Pa baridi.

Jumamosi, 6 Oktoba

Bado pabichi. Jana na leo nimeweka jiko la mkaa karibu napo mchana wote. Pembeni pamepasuka, katikati hapajabadilika.

Kazini nauwaza ukuta. Nimekosea kuandika stesheni kwenye magunia mawili ya karanga, karani mkuu akanisema mbele ya makuli. Nikirudi nyumbani sipendi kuupa mgongo. Mtu mzima, nimesoma misheni, naogopa udongo.

Leo nimemfikiria mtoto wa kwanza. Humu sijawahi kumwandika. Aliishi siku sita, katika mvua za Machi mwaka jana, ukuta unachuruzika, mimi niko safarini na mabehewa. Niliporudi alikuwa amekwisha kuzikwa. Hakuwa amebatizwa, kwa hiyo si kwenye makaburi ya kanisa. Hakuwa na jina. Mtoto mchanga huzikwa na wanawake, na mwanamume haulizi wapi. Sikuuliza. Felista alikuwa kitandani na homa, hakuonyeshwa. Waliomzika walimwambia tu wamemlaza vizuri.

Nilikuwa najiambia kwamba kutouliza ni heshima. Ilikuwa nafuu kwangu, basi.

Jumatatu, 8 Oktoba

Mama Kabula amerudi. Nilikuwa naziba nyufa alipoingia. Shikamoo, marahaba. Hakutazama ukuta. Alitazama mkono wangu.

"Hicho kigae umekitoa wapi, baba?"

Nikamwambia. Akasema "Mayo," polepole, kama anayemwita mama yake, akakaa kizingitini.

"Ni kifuniko hicho. Nilikiweka mimi mwenyewe."

Sikumuuliza ni kifuniko cha nini. Nilijua kabla hajafunga mdomo. Udongo ulikuwa laini kwa sababu wao waliuleta kutoka kichuguuni, kwa vikapu, mvuani, ili asilale kwenye kokoto.

Tulikwenda nyuma. Alinisimamisha mbali, akaenda kuinama peke yake. Alikaa kule muda mrefu. Aliporudi alisema, "Yupo. Chungu tulimomlaza hukukivunja. Udongo umeporomoka ukamfunika." Akakichukua kigae kwa mikono miwili, akakirudisha. Kisha tukaenda wote kichuguuni, tukarudi na madebe, akafukia.

Jumatano, 10 Oktoba

Udongo wa mwanangu uko ukutani. Nimeupaka mwenyewe, huku nikifurahi.

Mama Kabula anasema ninyamaze. Felista ananyonyesha, na habari ya namna hii hukausha maziwa. Wanawake waliozika wako watatu, wote watanyamaza. Mimi nataka kubandua. Lakini nikibandua, Jumamosi, arobaini ikitimia, Petro atakuta fito tupu, atageuka na dada yake na mtoto ambaye sijamwona. Nisipobandua, mtoto atalala chini ya ukuta ule na mama yake hajui.

Mara mbili nimeshika jembe. Mara mbili nimeliweka. Kitanda nimekihamishia upande wa mlango. Pale bado pabichi.

Ijumaa, 12 Oktoba

Pamekauka. Nimetoka zamu, nimekuta pamekauka, na jiko sijaliwasha tangu Jumamosi. Rangi ni moja na ukuta wote. Huwezi kujua palikuwa wapi. Mimi najua.

Sikufurahi.

Jumamosi, 13 Oktoba

Treni ilichelewa. Petro aligonga kila ukuta kwa vifundo vya vidole, akatazama paa, akauliza habari za fito. Pale usawa wa kitanda aligonga mara tatu. Nilikuwa nimeshikilia mlango. Akasema, "Umefanya kazi, shemeji." Akala, akaaga.

Binti ana paji langu la uso. Ameshika kidole changu hakukiachia. Felista alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi, akasema chumba kinanuka mvua. Nikasema ni udongo mpya. Mimi ni mwoga.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimemwambia.

Siku mbili nilimtazama akipita kando ya ukuta ule na mtoto begani, nikaona siwezi kuishi hivi. Nilingoja mtoto ashibe. Nikasema yote, tangu uvivu wangu wa Jumapili ile hadi kigae. Nilijua atalia, au atafunga mzigo wake arudi Usoke, na nisingemzuia.

Aliuliza, "Ukuta upi?"

Nikamwonyesha. Akanipa mtoto. Akaweka viganja vyote viwili ukutani, kisha paji la uso. Nilisimama pale na mtoto wangu mikononi, sina pa kutazama. Alipogeuka macho yake yalikuwa makavu.

"Mwaka na nusu," alisema, "nilikuwa sijui nielekee wapi."

Kisha akasema nirudishe kitanda mahali pake. Nikakirudisha. Upande wa ukutani analala yeye.

Ijumaa, 19 Oktoba

Nilileta chokaa. Amenikataza. Kwingine nipake, pale nisipake.

Jumapili, 4 Novemba

Mvua ya kwanza, mchana, baada ya misa. Paa halivuji. Nilikuwa nje narudishia nyasi za paa zilizoinuliwa na upepo, nikamsikia Felista ndani anaongea. Nilidhani anambembeleza mtoto. Mtoto alikuwa kwa Mama Kabula, nilimpeleka mwenyewe.

Alitaja jina. Jina la kiume. Kwao hakuna mtu wa jina hilo, wala kwetu, wala hatukupata kulisema kati yetu. Akalitaja tena, taratibu, kama mtu anayemwamsha aliyelala sana. Akanyamaza kidogo, kama anayesikiliza. Halafu akacheka kidogo. Sijamsikia akicheka tangu Machi ile.

Sikuingia. Nilibaki juu ya ngazi mpaka nguo zikalowa, nikilirudiarudia jina hilo kimoyomoyo ili nisilisahau. Humu siliandiki. Hajaniambia yeye.

Upepo ulikuwa unarusha maji mpaka kwenye ukuta ule. Kesho baada ya zamu nitakata nyasi zaidi za kurefusha upenu.