Supu ya Kusinyaza Ini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Tafuta pa kukaa kwanza, ndipo uendelee kusoma. Mwanao, yule ambaye mwalimu mkuu alikuambia kichwa chake kinafaa kubebea ndoo tu, sasa ni mpishi ambaye dunia haijapata kuona mwenziwe. Nipe maji, karoti mbili na mfupa, na mtu mzima mwenye heshima zake atalamba sufuria kisha aulize mfuniko uko wapi. Sisemi kwa majivuno. Majivuno ni ya watu wasio na ushahidi, na mimi ushahidi wangu una kilo mia moja na sabini, na ni kaka yako wa tumbo moja.

Baada ya hayo, u hali gani, mama? Mgongo umepoa? Na yule jirani wa chumvi, amerudisha hata punje? Dada naye bado anasinzia juu ya kitabu na kukuambia anatafakari? Mwambie hiyo mbinu niliianzisha mimi. Sisi huku wazima, kwa kipimo chetu. Salamu za mjomba utazikuta chini kabisa kwa mwandiko wake mwenyewe, kama siku zote, maana najua barua yangu isiyo na mkono wake huwa unaiona uzushi.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini mjomba alikwenda hospitali kupunguzwa tumbo akarudi nalo. Nikakuambia mtandao haushiki. Mtandao ulishika, mama. Ila kwenye simu unanikatiza, na kwenye karatasi huwezi.

Unamjua kaka yako alivyo mkubwa, lakini hujamwona mwaka huu. Alikuwa hawezi tena kuinama kuona springi chini ya kochi, hiyo kazi nikawa naifanya mimi na kumsimulia kilichoko, kama mtangazaji wa mpira. Kulala chali hawezi, pumzi inakata. Analala ameketi kwenye lile kochi la kahawia alilojitengenezea, na mkazamjomba analala sikio moja wazi, akisikia kimya anamtikisa. Sukari imepanda, magoti yanalia. Daktari alimwambia wazi kwamba hali ikibaki hivyo, siku moja atatikiswa na hataamka.

Hata hivyo unene wake ndio muhuri wa karakana yetu ya makochi. Kochi haliendi kwa mwenyewe kabla mjomba hajaliketia. Anashuka polepole, mafundi wote tunaacha nyundo, tunasikiliza fremu. Likilia, linafumuliwa. Lisipolia, analipiga kofi moja mkononi na kusema, sasa huyu anaweza kuolewa. Wateja wengine hawaulizi mbao gani, wanauliza kama yule mzee amelikalia. Aliposema anakwenda kupunguzwa tumbo nilimwambia basi tufunge duka, au tuajiri mnene mwingine. Akanijibu kwamba atanipakatisha mifuko miwili ya saruji, nikalie makochi mimi, angalau siku moja niwe na uzito katika jambo.

Upasuaji wenyewe nimeuelewa kuliko wenye vyeti. Wanatoboa vitundu vidogo, wanaingiza vyuma virefu, wanakata sehemu kubwa ya tumbo la chakula na kuifunga ile inayobaki kwa pini, mama, pini kabisa, kama tunavyopiga kitambaa kwenye fremu. Mjomba aliposikia habari ya pini alimwuliza daktari anatumia za ukubwa gani, wakaanza kuzungumza kama mafundi wawili, mpaka wagonjwa nje wakaanza kugonga mlango.

Lakini huingii tu chumba cha upasuaji kama unavyoingia kwa kinyozi. Kulikuwa na miezi ya kujifunza. Kutafuna mpaka chakula kisahau kilikuwa nini. Kutokunywa maji pamoja na chakula. Kutembea kuzunguka karakana, mimi nyuma nikimbebea kigoda. Kulikuwa na mama mmoja mshauri ambaye kazi yake ni kuuliza maswali, akamwuliza kwa nini anakula hata akiwa ameshiba. Mjomba akasema, kwa sababu chakula bado kipo. Yule mama akaandika kwa muda mrefu sana.

Mwishoni kabisa ndipo ikaja kazi ya ini. Ini, mama, limelala juu ya tumbo. Kwa mtu mnene linajaa mafuta, linavimba, na daktari akiingiza vyuma vyake haoni njia. Mjomba aliniambia kifundi: ni kama mto ulioshindiliwa sponji kupita kiasi, huwezi kupenyeza mkono ukafikia springi. Basi kabla ya upasuaji mgonjwa anakula chakula cha kusinyaza ini, yaani hakuna kutafuna, ni maziwa ya unga waliyompa wao, maji na supu. Ini likikosa mafuta mapya linakula yale yaliyomo, linanywea, njia inafunguka.

Mtaalamu wa lishe alitukalisha, mimi na mjomba, akaeleza yote. Mpishi niliteuliwa mimi, kwa kuwa mkazamjomba anatoka alfajiri kwenda kufua mashuka hotelini. Nilisikiliza vizuri, ila kiti nilichokalia kilikuwa kimepigwa pini ovyo, kitambaa kinachungulia nyuma, na fundi hawezi kukaa juu ya aibu kama hiyo bila kuinama kuiangalia. Nilipoinuka nilikuwa nimenasa lililo kubwa: asitafune.

Hapa inabidi nikukumbushe jambo ambalo wewe dada yake unalijua kuliko sisi. Kaka yako ni mwizi wa chakula chake mwenyewe. Miaka yote mkazamjomba akimpunguzia sahani, yeye anaficha mikate ndani ya makochi. Unakumbuka lile kochi la mwalimu lililorudishwa kwa sababu ya sisimizi? Nusu mkate, mama, umeshonewa ndani kwa uzi mzuri. Kwa hiyo siku ya kwanza ya supu mkazamjomba hakumwapisha wala hakumtisha. Alimwambia tu kwamba amechoka kusikiliza pumzi ya mtu usiku. Mjomba akatoa pakiti ya biskuti kwenye boksi la misumari, akamkabidhi kama askari anayesalimisha bunduki.

Na alishika neno. Nilikuwa naye kutwa nzima. Mteja mmoja alileta keki ya shukrani, nzito, ina sukari juu kama chokaa. Mjomba aliinuka, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa nje akiutazama ukuta mpaka keki ikaisha. Niliimaliza mimi kwa niaba yake, kwa huzuni kubwa.

Ila aliteseka. Siku za mwanzo kichwa kilimuuma, akawa mkali, akapiga pini mkono wa shati lake mwenyewe juu ya kochi la watu. Supu yangu ya kwanza alisema inafanana na maji ya kuoshea brashi. Ya pili akasema brashi imezidi. Ya tatu aliisukuma, akasema kwa sauti ndogo kwamba hatafika, heri awaambie madaktari wampe mwingine nafasi yake. Usiku ule mkazamjomba alimtikisa mara nyingi.

Ndipo mwanao nikaingia kazini. Kesho yake nilimletea bakuli, akanusa, akaonja, akaniangalia kana kwamba ndio kwanza anaona nina uso. "Mpwa wangu," akasema, "hii sasa ni supu." Akalamba. Akamwambia mkewe, akawaambia mafundi, akamwambia hata mteja aliyekuja kuulizia kitambaa, kwamba huyu kijana mnamwona hivi, ana mkono. Mama, shuleni sikuwahi kupata hata moja ya kumi. Kwa mjomba nilipata kumi ya kumi kila mchana. Mkazamjomba alinishika kichwa akasema nimemwokolea mume. Nilitembea kama nimenunua mtaa.

Ilipofika siku ya kurudi hospitali, mjomba alivaa shati jeupe. Alipanda mizani kwa tabasamu. Mizani ilikuwa palepale, imeteremka unywele. Wakampaka yale mafuta baridi tumboni, wakapitisha chombo kinachoonyesha ndani, na ini likaonekana kwenye skrini, kubwa, limejaa, limetawala. Daktari hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema hawezi kumfungua mtu mahali ambapo haoni anakokwenda, kwa hiyo tarehe inasogezwa na chakula kinaanza upya. Akauliza kwa upole kama kuna kitu kilimponyoka mdomoni. Mjomba akasema hakuna. Mtaalamu wa lishe akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyeambiwa hivyo na wengi. Mkazamjomba akatazama mkoba wake.

Tulipofika nyumbani mkazamjomba hakuvua hata viatu. Alipita karakana nzima akitia mkono ndani ya kila kochi. Katika fremu moja kuukuu iliyoko nyuma ya mlango alitoa karatasi ya biskuti. Ilikuwa ya zamani, imetafunwa na panya. Naijua kwa sababu biskuti zake nusu nilikula mimi, kabla habari ya upasuaji haijazaliwa. Aliiweka juu ya meza. Mafundi wakainamia kazi zao.

Mjomba hakupandisha sauti. "Safari hii sikuiba," alisema. Kisha akaninyooshea mkono. "Muulize huyu. Kila kilichoingia kinywani mwangu kimetoka mkononi mwake."

Nikamjibu mkazamjomba. Nilichojibu nitakuambia, usinikimbize.

Tangu siku ile mjomba hakalii makochi. Mteja akiuliza, anamwambia aamini mbao. Tarehe mpya imekuja na amesema haendi, hawezi kulala mbele ya watu wanaomwona mwongo wakamkata. Anakufa hivihivi, akiwa ameketi. Na juzi alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo limenitoa usingizi. Aliniuliza kama kuna uwezekano anaamka akiwa bado usingizini, anakwenda jikoni, anakula, halafu hakumbuki. Alikuwa haulizi kwa mzaha. Akaniomba nimwage vumbi la mbao mlangoni pa jikoni jioni, tuangalie nyayo.

Nikamwaga. Asubuhi tukachungulia pamoja. Vumbi lilikuwa laini kama nilivyoliacha. Nilimwona anafurahi, kisha nikaona furaha inamwondoka, kwa kuwa kama si usingizini, basi hajui ni nini. Akasema labda yeye ameumbwa kunenepa hata kwa maji.

Mama, hakuumbwa hivyo. Ile supu ya kumi ya kumi niliipika kwa uboho wa mifupa, kipande cha siagi cha ukubwa wa sabuni na malai ya maziwa, vyote vikachemka na kuchujwa mpaka huoni kitu. Ilinyweka. Hakutafuna hata chembe. Mwanzoni, naapa, nilidhani kinachokatazwa ni meno. Lakini kuna siku mkazamjomba aliuliza mbona supu ikipoa inaganda juu, na tangu hapo nikawa naitoa ile ngozi ya mafuta kwenye supu iliyobaki kabla hajarudi kutoka kazini. Mtu asiyejua haondoi ushahidi. Nilikuwa najua kidogo, na nilitaka kusifiwa zaidi ya kidogo.

Lakini siagi siyo iliyoharibu. Siagi ingemcheleweshea upasuaji tu, na daktari alishasema unaanza upya. Kilichoharibika ni hiki. Mjomba aliponinyooshea mkono mbele ya mkewe na mafundi, kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa hana hatia, nilisema, "Mimi nilipika kama nilivyoagizwa." Nikamwona anashusha mkono. Maneno manne tu, na mtu aliyebeba njaa yote ile kwa uaminifu akageuka mwizi nyumbani kwake, hata mbele ya nafsi yake.

Nimejaribu kumwambia. Nikifungua mdomo unatoka utani, unajua mdomo wangu. Ndiyo maana nimeandika. Na kwa kuwa yeye hatii mkono wake chini ya kitu asichokisoma, leo jioni nitampa barua hii pamoja na kalamu, na nitasimama palepale asome mpaka hapa.

Msalimie dada, msalimie jirani hata kama chumvi haijarudi. Uombe aende tarehe ile. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa urefu, ninastahili. Nakushika miguu, mama.

Ni mimi mwanao,
Mpishi

Nafasi hii ya chini ni ya mjomba.