Picha ya Kabichi Imehama

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza ya mafunzo. Likizo yangu ndiyo imeliwa. Walimu tisa ndani ya chumba cha kompyuta hapa Lushoto mjini, tunafundishwa kutengeneza tovuti za madarasa yetu. Mkufunzi ni Zuhura. Zuhura yuleyule niliyemfundisha darasa la kwanza, kamasi nikimfuta mimi. Leo kasimama mbele, mimi nimekaa nyuma. Kaja mpaka kwenye kiti changu kunipa shikamoo, magoti kayakunja kidogo.

Nimeweka picha ya Darasa la Saba langu kwenye bustani ya shule, wameshika kabichi. Imejaa skrini nzima, imefunika maneno yote. Nimeshindwa kuipunguza. Zuhura akapita, akatazama, akasema, "Vizuri sana, Mwalimu." Vizuri wapi?

Jumanne, 4 Juni

Picha imehama. Jana niliiacha imefunika kila kitu. Leo iko pembeni, ndogo, imetulia, maneno yanasomeka. Sikufanya mimi. Au nilifanya? Nikamuuliza Mwalimu Hoza, jirani yangu wa kompyuta. Akacheka: "Uzee umeshabisha hodi, Mwalimu Naomi!" Sikucheka.

Hoza mwenyewe kasahihishwa mara nne mbele za watu. Kafuta ukurasa mzima, kaambiwa kafuta ukurasa mzima. Mimi naambiwa vizuri tu.

Jumatano, 5 Juni

Baridi kali. Ukungu mpaka saa nne.

Kitufe cha Mazoezi kwenye ukurasa wangu jana hakikufungua kitu. Nakumbuka, nilikibonyeza mpaka kidole kikauma. Leo kimefungua mazoezi yote matatu. Nilikaa nakitazama tu.

Nimerudi nyumbani Irente, ufunguo wa sanduku siuoni. Mama alianza hivihivi. Kwanza funguo. Halafu akawa anabandika sufuria tupu motoni. Halafu siku moja akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mimi nina hamsini na saba.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 6 Juni

Kabla ya kutoka nimechora ukurasa wangu kwenye daftari, kila kitu kama nilivyokiacha. Kichwa chekundu. Ratiba juu. Picha nimeiweka upya katikati, imekuwa kubwa tena. Kesho tutaonana.

Ijumaa, 7 Juni

Daftari linasema chekundu. Skrini inasema cheupe. Mwandiko wa daftari ni wangu. Ukurasa ni wangu. Neno la siri ni jina la mama, hakuna mwingine anayelijua. Basi kuna mtu anadanganya hapa, na mtu huyo ni mimi au ni mimi.

Kama hiyo haitoshi, Zuhura akatangaza kwamba Jumanne maofisa wa elimu wanakuja kuona kazi. Ukurasa wa Mwalimu Naomi umepita zote. Mwalimu Naomi mwenyewe ndiye atakayewaonyesha alivyoujenga, hatua kwa hatua. Watu wakapiga makofi.

Hatua zipi?

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda ibadani. Mahubiri sikuyasikia.

Nimeandika barua kwa mwalimu mkuu. Naomba niondolewe Darasa la Saba kwa sababu za kiafya. Watoto wana mtihani mbele yao, hawawezi kufundishwa na mtu asiyejua jana alifanya nini. Miaka thelathini na miwili ya kazi, barua mistari mitano. Nitaipeleka Jumatano, mafunzo yakiisha.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata lifti ya gari la mboga linaloteremka Mombo. Nikafika mapema, chumba hakina mtu. Kumbe yumo mmoja. Zuhura, kwenye kiti changu, mbele yake kabichi zangu, anazisogeza.

Alishtuka, akasimama wima kama amekutwa anaibia mtihani. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nisamehe, Mwalimu. Narekebisha kidogo. Ningekuambiaje umekosea mbele za watu wote? Wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika a."

Kila siku, tukishaondoka au kabla hatujafika. Akaunti zote kazifungua yeye, anaingia kote bila neno langu la siri. Alitueleza siku ya kwanza, mimi sikuwa nasikiliza. Na hiyo Jumanne alipanga abonyeze yeye, mimi nizungumze. Alitaka nipewe heshima yangu.

Heshima! Nilikasirika. Nikafurahi pia, furaha ya kutaka kukaa chini. Sijui kipi kilitangulia. Nikamweleza habari za mama. Nikamweleza habari za barua. Akalia. Nami nikalia, nikakasirika tena kwa sababu nimelia.

Nikamwambia arudishe makosa yangu. Yote. Akasema hayakumbuki yote. Nikafungua daftari, nikamsomea.

Jumanne, 11 Juni

Maofisa wamekuja, watatu. Kichwa chekundu, picha imefunika ratiba. Nikawaambia hivi ndivyo mtu anavyoanza. Nikabonyeza pale nilipodhani ndipo.

"Hapana, Mwalimu." Zuhura huyo, mbele za watu wote, sauti inamtetemeka. "Umekosea. Shika kona ya picha."

Hoza akatazama sakafu kwa niaba yangu. Nikashika kona, nikavuta. Ikapotea. Akaniambia nimekosea tena. Mara ya tatu kabichi zikapungua, ratiba ikaonekana. Nimefanya mimi, na nakumbuka nilivyofanya.

Jioni nimewashia jiko ile barua. Imeshika haraka, karatasi kavu. Nimekunywa chai vikombe viwili.

Ufunguo wa sanduku bado sijauona. Huo Zuhura hakuugusa. Nitautafuta kesho, kukiwa na mwanga.