Kijiko Kina Mwenyewe

Mume wangu,

Huku tu wazima, hata paa halivuji tena. Mwanao alikuwa akitapika kila alichokula. Sikukuandikia, ungeacha kazi ukaja mbio. Daktari alikuta vijidudu tumboni, akasema huenda vilitoka mdomoni mwa mtu mzima anayemlisha. Mama yako, anayemtafunia chakula, akanuna: "Mumeo nilimlea hivyohivyo!" Alipopimwa, kumbe naye anavyo. Wakanywa dawa pamoja, bibi na mjukuu.

Sasa mtoto anamaliza bakuli na kulia aongezwe! Jana jirani alitaka kuonja uji wake. Mama yako akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia: "Weka chini! Kijiko hicho kina mwenyewe!"

Ukirudi, mimi nibusu utakavyo. Kumbusu mtoto, kaombe ruhusa kwa mama yako.

Mkeo, niliyekonda kwa wasiwasi na sasa nanenepa kwa furaha.