Kwa Esperance, Penye Mnara Uliozikwa na Majivu

Binti yangu Esperance,

Huku ugenini, Ganshoren, mvua inanyesha tangu asubuhi. Mama yako amekwenda zamu yake kwa wazee anaowahudumia, nami nimebaki na meza tupu mbele yangu. Ni miaka minne sasa sijakuandikia wala kusema nawe. Kila Jumapili mama yako anapokupigia simu, mimi huchukua gazeti nikatoka kwenye balkoni, hata wakati wa theluji, na nadhani majirani wanafikiri ninapenda sana hewa safi. Lakini mlango ule haufungiki vizuri, Espe. Huwa nakusikia.

Nakuandikia kwa sababu kuna neno uliloniambia siku tulipoachana, nami nimechelewa kulikubali.

Lakini niruhusu nianzie mbali kidogo, kama kawaida yangu. Unaukumbuka ukuta wa mbao wa nyumba yetu ya Goma, upande wa jikoni? Niliuchorea kwa chaki kila kitu nilichokuwa nikifundisha shuleni. Jioni ulikuwa ukileta kigoda, unakaa, unasema, "Papa, leo tunaenda wapi?" Siku moja nilifungua atlasi yangu iliyokuwa imepoteza jalada, nikakuonyesha nukta tisa katikati ya bahari ya Atlantiki, kati ya Ureno na Amerika. Uliuliza nani alizidondosha pale. Nikakueleza kwamba hakuna aliyezidondosha. Zilipanda kutoka chini. Sakafu ya bahari ilipasuka, moto ukajenga tabaka juu ya tabaka gizani, mpaka vilele vikatoka majini, na mvua ikavifanya vya kijani. Ukafikiri sana, kisha ukasema kwamba basi ni ndugu wa mlima wetu wa moto. Ulikuwa na miaka saba. Hiyo ndiyo siku uliyoanza kwenda Azori, na aliyekupeleka ni mimi.

Nimevisoma tena visiwa vyako, taratibu, miaka hii minne, bila kumwambia mama yako. Najua Wareno walipofika hawakukuta mtu wa kuwakaribisha, ndege tu na misitu. Najua walileta ng'ombe, na kwamba mashamba yamezungushiwa ua wa maua ya buluu. Najua kisiwani Pico wanapanda mizabibu kati ya kuta za mawe meusi, mawe yale yale ambayo kwetu Goma tumejengea kila ua. Kuna mahali wanazika masufuria ya nyama ardhini, asubuhi mpaka mchana, na ardhi yenyewe inapika. Nimesoma pia juu ya wazee waliokuwa wakikaa juu ya majabali na darubini, wakitafuta nyangumi ili mashua ziende kuwaua, na kwamba siku hizi vibanda vile vile vinaelekeza mashua za watalii wanaotaka kuwatazama tu. Hilo lilinipendeza. Kazi ilibaki, ubaya ukaondoka.

Na nimesoma juu ya ncha ya kisiwa chako, Faial, bahari ilipochemka na volkano mpya ikapanda karibu na mnara wa taa. Majivu yalianguka zaidi ya mwaka mzima. Yalizika nyumba mpaka mapaa, yakazika ghorofa ya chini ya mnara, na watu wengi wakahamia Amerika wasirudi. Pale ndipo unapofanya kazi, ukiwatembeza wageni juu ya mapaa ya watu.

Sasa nifike kwenye siku ya mlima wetu.

Mlima ulipopasuka asubuhi ile, majirani walikuja uani kwetu kwa sababu mimi ni mwalimu wa jiografia. Waliniuliza kama wakimbie. Nilichukua chaki. Nilichora kilele, nikachora ziwa la moto lililomo ndani yake, nikawaeleza kwamba nilipokuwa kijana ule moto ulishuka ukaishia nje ya mji, na kwamba mteremko unaupeleka upande mwingine. Nilieleza vizuri. Walikaa wakanisikiliza. Mama yako alikuwa ameshafunga vitu kwenye kitenge, amekushika mkono, akaniambia, "Papa Esperance, tuende. Utaeleza kule mbele." Nikamjibu kwamba hofu haijui ramani.

Ndipo jirani yetu Bahati akasimama langoni na chukudu yake, ile baiskeli kubwa ya mbao wanayosukumia magunia ya makaa. Ilikuwa haina mzigo. Alitaka kumchukua bibi yako, Tate, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imevimba. Nikamwambia asijisumbue, hakuna haraka, abebe watu wengine. Mama yako hakungoja tena. Aliondoka nawe kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na ulikuwa ukigeuka nyuma kila hatua.

Moto haukutoka kileleni. Ulitoka kwenye nyufa za chini, karibu na mji, mahali ambapo sikuwa nimechora kitu.

Tate alitembea. Siku ya tatu alifariki kwenye uwanja wa kanisa huko Gisenyi, na tangu hapo niliwaambia watu wote, nawe pia, kwamba aliuawa na moshi. Kifua chake kilijaa moshi, hiyo ni kweli. Ni kweli niliyoikata pale iliponifaa.

Halafu, miaka mingi baadaye, ikaja asubuhi ya kituo cha treni cha Gare du Nord. Ulikuwa na sanduku moja, unangoja treni ya uwanja wa ndege, nami nilikusindikiza ili nikugombeze njia nzima. Nilikuambia kwamba watu wetu walikimbia moto, na wewe unakwenda kuuonyesha kwa wazungu waliovaa kaptura. Nilisema unakwenda kuuza kile kilichomuua Tate. Hukupaza sauti. Ulisema, "Papa, si moto uliomuua Tate. Ni maelezo. Nilimuona Bahati akiondoka na chukudu tupu." Treni ikaja. Nikakaa kwenye benchi mpaka mfagiaji akaniuliza kama ninaumwa.

Kilichonitoa kwenye balkoni ni hiki. Mwezi uliopita nilikuwa mtaa wa Chaussée de Wavre kununua sombe, majani ya muhogo, nikakutana na Maman Furaha, ambaye amejiunga na parokia yetu mwaka huu tu. Alikuwa amerudi kutoka likizo kisiwani kwako. Alinieleza mbele ya duka, mifuko chini.

"Bon, mwalimu, tulishuka tu mu bisi, ule mutoto akatusimamisha. Haeleze kitu kwanza. Anatuonyesha njia ya kurudilia, anatuhesabu, anauliza nani miguu inamuuma. Miye nikasema, huyu ni guide ama ni polisi?"

Wenye miguu mibovu uliwaweka karibu na gari, akasema, na Maman Furaha akiwa wa kwanza, kwa kisirani chake chote. Baadaye ndipo ukaanza kueleza, na hapo hakuna aliyetaka kuondoka. "Anaeleza sawa weye, mikono yote juu," akasema, akanionyesha picha kwenye simu. Nilimwambia kwamba huyo ni mtoto wangu. Akanipiga begani na kifurushi cha samaki: "Na unaniacha nipige mudomo hivi?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikipita vituo vyote vya tramu. Mambo yote mawili ulikuwa umejifunza kwetu, Espe: kwangu namna ya kueleza, na kwa mama yako wakati ambapo maelezo yangoje.

Kuna jambo ambalo hukuliona kwa sababu mlikuwa mbele. Njiani, huku majivu yakituangukia, niliendelea kumweleza Tate mambo ya nyufa na mteremko, kwa nini nilikosea, nani angeweza kujua. Akasimama, akaniambia, "Nyamaza kidogo, mwanangu, nipate kupumua." Sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako.

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kumwombea Tate, ndugu walikusanyika hapa kwetu. Shangazi yako akaanza kama kila mwaka, ule moto, ule moshi. Nikamkatiza. Niliwaambia habari ya Bahati, nikawaambia ni mimi niliyemrudisha. Shangazi yako alilia, kisha akatoka bila kuaga, na hajanipigia simu mpaka leo. Ana haki.

Kesho yake niliona mama yako ameniwekea koti langu la mvua juu ya kiti, limepigwa pasi, na ratiba ya ndege inayopitia Lisboni.

Nakuja Jumamosi ijayo. Sikuombi msamaha katika barua, kwa sababu katika barua naweza kujitetea mpaka karatasi iishe. Nataka nikuombe nikiwa nimesimama mbele yako, kwa maneno machache.

Ni mimi,
Papa yako