Paipu ya Bibi Mwendo

Jumatatu, 4 Machi

Gereji imepata mgeni wa heshima. Gari la michezo la Bibi Mwendo! Jekundu, viti viwili, limelala chini kama paka anayenyemelea. Umri wake mara mbili ya wangu na bado ni zuri kuliko mimi — kidogo tu. Bibi mwenyewe mfupi, anakalia mto ili aione barabara. Alikuwa opareta wa simu miaka thelathini. Ananiita mume wangu. Eti mume wangu umekonda, nani anakupikia? Nikamwambia nimekonda kwa kukuwaza. Gereji nzima hoi!

Tatizo dogo: paipu ya oili inavuja kwenye nati. Mjomba, mwenye gereji, kaniambia nifungue, nikaze upya, ila kwa spana mbili — moja ishike, moja izungushe.

Spana mbili ni za waoga. Nikatumia moja.

Paipu ikajinyonga kama nguo inayokamuliwa. Ka!

Nikamwambia Mjomba ilikuwa imeshaoza. Akaitazama paipu, akanitazama mimi. Akasema basi, uzee hauna dawa. Bibi akadakia: usinisemee!

Jumanne, 5 Machi

Kutafuta paipu nimepewa mimi. Maduka saba na ile iliyovunjika kwapani. Wote wanauliza sampuli unayo? Nikiwaonyesha wanacheka. Huyu ana ndefu, yule ana nyembamba. Moja nati iliingia mizunguko miwili kwa raha, wa tatu ikagoma kama punda. Kumbe kila nati ina meno yake! Nikakunja uso, nikasema, "Meno tofauti hayo." Muuzaji akaniita fundi. Nimerudi kifua mbele, mikono mitupu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempata Babu Vyuma. Duka lake limejaa vyuma hadi darini, humwoni mpaka akohoe. Kasema ncha za paipu bado nzima, zibanwe kwenye mpira mpya wa oili. Ila mpira wenyewe hana, utafika baada ya wiki tatu.

Wiki tatu! Na asubuhi nimejitapa mbele ya wote kwamba leo sirudi bila kitu.

Nikaona mpira mweusi unaning'inia, unene ule ule. Huu je?

"Huo wa maji, kijana. Oili ya moto itaula kutoka ndani. Umdhaniaye ndiye, kumbe siye."

Nikauchukua. Nikamwambia nataka kumwagilia bustani. Bustani gani? Hata ua la kwenye kopo hatuna.

Ubavuni umeandikwa MAJI kwa rangi nyeupe. Nimeufuta kwa thina ya rangi nyuma ya gereji, herufi moja moja. Ile I ya mwisho iling'ang'ania.

Ijumaa, 8 Machi

Mjomba kaunusa. Kaubonyeza. Akauliza, wa oili huu? Nikasema ndiyo. Fupi tu, kama njia ya mwongo.

Akabana ncha yeye mwenyewe, akafunga paipu — spana mbili. Injini ikanguruma robo saa. Hata tone! Akanishika bega mbele ya watu akaniita fundi. Mjomba! Miaka miwili nalingoja neno hilo.

Kilibaki kipande cha mpira. Nimekitumbukiza kwenye kopo la oili chakavu, nimeliweka kando ya jiko letu la chai lipate moto. Utafiti huo. Babu Vyuma ana maneno mengi, nitamwonyesha.

Jumatatu, 11 Machi

Kipande kimevimba. Kidogo. Kidogo tu.

Bibi kapita kuliangalia gari. Alhamisi anakwenda kwa dada yake, ng'ambo ya milima. Miaka sita hawasemeshani, waligombea cherehani ya mama yao. Sasa dada kapiga simu yeye wa kwanza. Bibi kasema mteremko ule atauteremka kama msichana. Mjomba akamwambia paipu kaitafuta huyu huyu. Bibi akanifinya shavu. Eti kama ni mume wake, yeye hana wasiwasi.

Paipu inapita kidole kimoja tu kutoka kwenye egzosi, bomba la moshi linalochoma. Oili ikimwagika pale, mteremkoni — siandiki.

Nilitaka kusema. Nikafagia.

Jumatano, 13 Machi

Nimekitoa kipande. Nimekibonyeza, kidole kikazama kama kwenye ufizi wa mtoto mchanga. Nimenawa mara nne, bado nakisikia.

Mjomba kauliza mbona huli. Nikasema jino.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejifungia chooni, cha gereji. Daftari lilikuwa mfukoni.

Bibi kafika mapema, na mto wake, na viatu vipya. Kaniletea ovaroli. Kifuani katarizi kwa mkono wake, uzi mwekundu: FUNDI. Herufi hizi hazifutiki kwa thina.

Mjomba akanirushia ufunguo. Kalitoe gari, umpe mkeo. Watu wakapiga vigelegele! Nikaliwasha. Nikalizungusha hadi nyuma, karibu na choo, wao wako mbele. Nikafungua boneti. Nikafungua paipu. Spana mbili, haikujinyonga hata kidogo. Oili chapa chapa chini.

Sasa wameliona. Nawasikia. Mjomba anasema haiwezekani, paipu iko wapi? Bibi anasema huyo ni mwizi tu, siku hizi wanaiba hata kope, na mume wangu kaenda kumkimbiza, masikini, ataumizwa bure!

Jamani Bibi. Uongo mzima, kaupika, kaupakua, kazi yangu kula tu. Naruka dirisha, nazunguka kule ng'ambo, narudi nahema. Dirisha linanitosha. Nimeshalipima.

Paipu iko mapajani, bado ya moto. Imeshadondosha oili kwenye neno Alhamisi. Bibi anauliza atamwambia nini dada yake, anayemngoja saa sita.

Mjomba anagonga. Taratibu, si kwa hasira. "Fundi? Uko humo?"

Mkono mmoja uko kwenye komeo. Huu mwingine bado unaandi