Mikono Yangu na Kutu ya Visu

Mpendwa Dada Memunatu,

Usishangae, hiyo alama ya vidole hapo juu si yangu. Mwanangu Suhuyini amechovya mkono kwenye uji sasa hivi, akaupiga kwenye karatasi, kisha akanitazama kama yeye ndiye aliyesoma na mimi ndiye wa kunyonya. Nimepangusa, imebaki. Basi pokea salamu zake kwanza, halafu zangu. Hujambo? Shemeji naye? Mgongo umepoa, au bado unabeba ndoo mbilimbili? Sisi huku Yendi tu wazima, mvua zimeanza, ila watu wa nyumba hii wamenichosha mpaka meno yananiuma. Ningekupigia, lakini simu ni ya mume wangu Alidu, na nikisema neno hapa uani hata kuku wanasikiliza.

Dada, kazi ya hapa unaijua. Mume wangu na baba yake wanafua visu kwa springi za malori. Chuma kile kinakata nyama kama uji, lakini kikionja maji kidogo tu kinaota kutu. Kumalizia ni kazi yetu wanawake. Mimi nasugua mipini kwa majani ya msasa mpaka iwe laini, na mama mkwe wangu, Mama Azara, anapaka mafuta ya shea anayokamua mwenyewe kwenye kokwa, mpini na bapa lote, anapangusa na kufunga kwa kitambaa. Kabla sijajifungua alikuwa ameanza kunifundisha kupaka. Ile kazi naipenda, sikufichi. Ule mti mkavu ukinywa mafuta unaamka rangi mbele ya macho yako, unatamani uulalie.

Sasa sikia. Mwezi uliopita mzee Yidana, mkubwa wa wachinjaji sokoni, alikuja na visu vyetu kwenye gunia akavimwaga miguuni kwa baba mkwe. Vyote vina madoa mekundu. Akauliza kama siku hizi tunauza visu au tunauza kutu, na akasema sikukuu ya kuchinja imekaribia, tusipomletea visu safi atanunua vile vyeupe vya dukani. Baba mkwe akainama kuviokota. Mama Azara yeye hakuinama. Alinitazama mimi! Akasema mbele ya watu wote kwamba mwanamke anayenyonyesha jasho lake lina chumvi, maziwa na chuma havikai nyumba moja, na tangu nishike visu nyumba imeingia kutu.

Nikaacha kugusa. Hata mipini nikaacha. Kutu ikaja vilevile. Nikamwambia, Mama, mbona mimi sijashika kitu? Akajibu ati nimepita karibu. Siku nyingine ati nimepumua. Sasa nisipumue, Dada? Mwishowe akaamua nirudi kwa wazazi wetu Gushiegu mpaka mtoto aache ziwa. Alidu nikamlilia, naye akakuna kisogo, akasema vumilia, unamjua mama. Namjua! Ninachotaka kujua ni yeye ana mdomo wa kazi gani. Nikafunga mzigo wangu nikauweka mlangoni, huku nikiwaza nikitoka hivi kwa jina la kuharibu chuma, nitarudi kufanya nini humu ndani? Kusonga ugali wa tuo tu mpaka nizeeke?

Walioniokoa ni mbuzi. Visu vilikuwa vimetandazwa kwenye mkeka, nikawaona wamevizunguka wanalamba mipini kama wamealikwa. Watu wakawafukuza kwa mawe. Mimi nikaokota kisu kimoja, nikaficha uso, nikalamba na mimi. Chumvi! Na mkono wangu haujagusa kisu hicho tangu kitoke motoni.

Jioni ileile ndiyo ulipompigia Alidu ukauliza kama Suhuyini amemaliza lile kopo la siagi ya mkate ulilompa dereva alete. Kopo gani? Mimi sijaona kopo. Nikakumbuka ile chumvi, nikaenda pale Mama Azara anapokaa kupaka visu, nikainua kitambaa chake. Lipo, la njano, limefika nusu. Nikasoma maandishi yake ya Kizungu polepole herufi kwa herufi, na chumvi imeandikwa hapo wazi.

Nilitaka kupiga kelele uwanja mzima usikie, siku zote zile alizonisema. Nikamfuata na kopo mkononi, nikamuuliza, Mama, hiki umekipata wapi? Wala hakutahayari. Akasema dereva alileta akasema ni mafuta ya mtoto. Yeye akaona mafuta ya dukani hajui yametengenezwa na nini, hawezi kumpaka mjukuu wake. Shea yake ilikuwa inaishia na matunda mapya hayajaanguka, kwa hiyo ile kidogo iliyobaki akawa anampaka mtoto, asubuhi na jioni, na yale ya dukani akapaka visu. Chuma hakina ngozi ya kuungua, akasema.

Dada, yale mapaja ya Suhuyini niliyokusifia yanavyong'aa, ni mafuta ya visu. Na visu vimepakwa chakula cha mtoto.

Nikamwambia ni ya kula na mkate, ina chumvi. Akachovya kidole, akaonja, akaonja tena. Akasema, "Kumbe ni tamu." Basi. Pole sikuisikia. Akachukua majivu akaanza kusugua kutu peke yake.

Siri yenyewe ni hii, usimwambie mtu hata Shemeji. Baba mkwe alipouliza kutu imetoka wapi, nilimwambia shea ya mwaka jana ilikuwa imechacha. Mama Azara alikuwa nyuma yangu, alisikia kila neno. Baba mkwe amenunua shea mpya kwa jirani, visu vimesafishwa, na mzee Yidana anakuja leo. Lakini mzigo wangu bado uko mlangoni, hakuna aliyesema fungua wala aliyesema nenda. Kama nikiondoka nitakutumia habari kutoka Gushiegu. Nisalimie Shemeji na watoto, na kopo jingine usilete, au ukileta uandike—

Ngoja, Mama Azara ananiita. Mtoto kamchukua yeye, yuko mgongoni kwake. Anapaza sauti anasema, "Wumpini, acha makaratasi hayo, lete mikono yako hapa kabla mafuta hayajaganda," anasema leo mimi ndiye nitakayepaka, na yeye atakaa na mtoto. Naenda, Dada.